Mkwe Wangu na Viatu Vyenye Meno

Mara ya kwanza nilipomwona mama mkwe wangu alikuwa amesimama jikoni mbele ya sufuria ya maji ya moto, kibano mkononi, akiopoa vidude vidogo kimoja kimoja na kuvilaza juu ya taulo jeupe. Mimi nilikuwa nimebeba keki. Nilidhani anapika kamba. Nikasogea, nikanyoosha kidole ili nionekane mtu wa jikoni.

"Usiguse," alisema bila kugeuka. "Vinapoa."

Hakuniuliza jina wala habari za nyumbani. Mwanawe wa pekee, ambaye baadaye alinioa, alibaki mlangoni akijifanya anasoma kitu kwenye simu. Tulisimama pale sote watatu tukitazama plastiki ikitoa mvuke, mpaka mama alipochukua kipande kimoja, akakigeuza tumbo juu, akanisogezea usoni. Chini yake kulikuwa na safu za vijino vyembamba kama vya kitana.

"Mwanangu kanambia weye mtu wa meno."

Nikamwambia ndiyo, nina kazi kwenye kliniki ya meno hapa hapa Maskati, mtaani Hamriya, ni msaidizi wa daktari.

"'Nina kazi,'" aliniiga. "Wasema kama mtu anosoma taarifa ya habari. Haya, mtu wa meno, lipi hapo limepinda vibaya?"

Nilionyesha moja kwa kubahatisha. Alilitazama sana.

"Si hilo," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Baada ya harusi nilihamia kwake, kwenye nyumba ya zamani iliyo juu ya maduka ya washona nguo, ambayo amekataa kuihama ingawa jamaa zake wote walishajenga kwenye mitaa mipya. Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuja Maskati kutafuta kazi, na sikuwa binti aliyekuwa akimfikiria. Hakulisema hilo hata siku moja. Alichofanya ni kuniita "biarusi", mwaka wa kwanza, wa pili, na miaka yote iliyofuata, kama vile nimeletwa jana na huenda nikarudishwa kesho.

Vile vidude vya jikoni vilikuwa vya mchezo wa mpira, ila si mpira tunaoujua sisi. Ni ule wa Kimarekani, wa watu wenye kofia ngumu na mabega yaliyovimba, wanaobeba mpira mikononi na kugongana vifua. Wake ulikuwa wa mezani: bati refu lililopakwa rangi ya majani, likachorwa mistari, na chini ya bati mota ya umeme. Ukiwasha, bati lote linatetemeka, na wachezaji, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba, wanaanza kutembea wenyewe. Anayebeba mpira akifika mwisho wa upande wa pili, umepata. Akiguswa na adui njiani, ameanguka, mnapanga upya. Kinachowatembeza ni kile kitako cha plastiki wanachosimama juu yake, na yale meno yaliyo chini. Meno yakilazwa nyuma, mtu anakwenda mbele. Ya upande mmoja yakisimama zaidi ya mengine, anapinda. Yeye vitako hivyo aliviita viatu, na nyumba nzima ilifuata.

Viatu vipya vilipofika kwa posta tulijua kunyamaza. Alivijaribu kimoja kimoja, kwanza kitupu, kikivuka bati kutoka mwisho hadi mwisho, kisha na mtu juu yake. Kilichokwenda moja kwa moja alikitia doa jekundu la rangi ya kucha. Chenye mbio lakini kinayumba, doa jeupe. Katika mfuko mzima ni vichache tu vilivyoambulia doa. Nilimuuliza siku moja kama hawezi kukijua kiatu kizuri kwa kukiangalia.

"Hujui mpaka kitembee," alisema. "Anokwambia anajua kwa macho, muongo. Hata kwa watu."

Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Wale wanaosimama mbele kuzuia njia aliwaita mabawabu. Bawabu alimchagulia kiatu kipana, kigumu, chenye meno mafupi yasiyo na haraka. Mkimbiaji alipata kiatu chepesi chenye meno membamba, akayalainisha kwa maji ya moto na kuyalaza nyuma kwa koleo ndogo, polepole, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Viatu vilivyozunguka papo hapo bila kwenda popote aliviita walevi, akaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuwahi kukitupa hata kimoja. Kila baada ya muda aliwamwaga walevi wote mezani, akawachemsha upya, akawanyoosha, akawapa nafasi nyingine. Mtu huyu huyu alimfukuza fundi wa kiyoyozi kwa sababu alikanyaga zulia na buti, akamkataa maisha, tukapitisha joto lote la mwezi wa sita tukimtafuta mwingine.

Kisha uzito. Mchezaji na kiatu chake hawakutakiwa kuzidi gramu nne, na kwa kuwa wanatoka dukani wepesi, ufundi wote uko katika kuongeza: uongeze kiasi gani, na uuweke wapi. Alikuwa na mizani ndogo ya sonara. Uzito aliutengeneza kwa risasi wanazofunga wavuvi kwenye mishipi. Tukienda ufukweni Qantab siku ya mapumziko, sisi wengine tukila samaki, yeye huyo anakwenda kwenye mashua kuomba risasi zilizochakaa, na wavuvi walimpa, nadhani kwa woga. Nyumbani alizipiga nyundo mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, akazikata, akazibandika kwa gundi ndani ya kiatu. Bawabu alimjaza mpaka gramu nne kamili. Mkimbiaji alimwachia wepesi wake, akamtia chembe tu miguuni asipinduke. Kifuani hakuweka kitu.

"Uzito ukiupandisha juu," alisema, "mtu aanguka kwa kupigwa na pumzi."

Jikoni hakupima chochote. Chumvi kwa vidole, sukari kwa roho yake, na chakula kikawa kila siku kipya, wakati mwingine kizuri sana, wakati mwingine tunakula tukiangalia sahani.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: ukishawasha, mikono nyuma. Wachague, wapime, wapange unavyotaka, chukua muda wako. Lakini mota ikianza kulia, hugusi tena. Aje kupinda, aje kulala, aje kukimbilia upande wa goli lake mwenyewe, unatazama. Alikuja mgeni siku moja, mke wa mkubwa wa ofisini kwa mume wangu, mama wa heshima zake na bangili zake. Aliona mchezaji anaelekea ukingoni, akanyoosha mkono kwa wema kumrudisha. Mkwe wangu alimpiga kofi mkononi. Kofi la sauti. Mume wangu aligeuka rangi. Yule mama alibaki ameushika mkono wake kama si wake.

"Keshawashwa," mkwe wangu alimweleza, kwa utulivu, akamkaribisha halua.

Na hapo ndipo penye jambo lililonisumbua miaka. Kwenye bati hakugusa. Kwenye nyumba hakuna alichokiacha. Nguo nilizozikunja alizikunjua akazikunja. Nikitoka jikoni alifunua sufuria, akaongeza chumvi, akapunguza moto, akahamisha kijiko. Alimpangia mwanawe saa ya kunyoa ndevu. Siku moja tulikuwa na wageni, pilau iko motoni, nikaingia nikamkuta ameinamia sufuria yangu na mkono umejaa chumvi.

"Mama," nikasema, "kwenye bati lako ukishawasha unaweka mikono nyuma. Na hii imeshawashwa."

Nilitegemea kofi. Alibaki pale na chumvi yake, sura imekaza. Kisha akairudisha chumvi kwenye kopo, chembe kwa chembe, akapangusa kiganja kwenye kanga, akatoka. Siku kadhaa hakukanyaga jikoni. Mume wangu alinong'ona chumbani kwamba nimeharibu kila kitu, na mimi nilianza kufikiria chumba cha kupanga. Aliporudi, alisimama nyuma yangu, mikono ameifunga mgongoni, akinusa, akiteseka waziwazi. Hakugusa. Tangu hapo sufuria ikawa yangu, ingawa nguo aliendelea kuzikunja upya.

Mchezo aliupata Marekani. Serikali ilimpeleka marehemu mumewe kusoma huko, naye akaenda, binti mdogo wa Kizanzibari aliyekuwa amekwishahamia Maskati na kaka yake na hajui neno la Kiingereza. Mjane mmoja jirani yao, ambaye wanawe walikwishaondoka, alimwita ndani, akamketisha mbele ya bati lao. Hayo tu. Mengine ya huko hakusimulia. Ukimuuliza Marekani ilikuwaje, alijibu, "Baridi," na mazungumzo yakafungwa. Kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu hakuna la kusimulia.

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri alikuja kaka yake. Sisi tulimwita mjomba, kama mume wangu alivyomwita. Alikuwa akiishi Azaiba, mzee mrefu, mpole, kanzu yake haina kunyanzi, na kwapani sanduku la chuma la wachezaji wake. Alibisha hodi, akasalimu. Mkwe wangu akaitika salamu kamili, akamuuliza hali, akamimina kahawa, akasogeza tende. Kisha wakakaa, bati katikati yao, wakapima wachezaji wote kwenye mizani, wa huyu na wa yule. Tangu hapo mpaka magharibi hayakusikika ila maneno ya mchezo. "Panga." "Tayari." "Washa." "Kaguswa." Mchezo ukiisha mjomba akafunga sanduku, akaaga, na mkwe wangu akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

Mwanzoni niliona ni heshima ya watu wa zamani. Kisha nikaanza kuiona ile hali chumbani, jinsi mume wangu alivyokuwa akikaa ukingoni mwa kiti, jinsi hakuna aliyethubutu kuchekesha. Ndugu wawili, na katika Ijumaa zote hizo sikuwasikia wakitajiana utoto wao hata mara moja. Nilimuuliza mume wangu kuna nini baina yao.

"Hakuna," alisema. "Ndivyo walivyo tangu mimi mdogo. Mjomba ndiye aliyeanza kuja. Alijua mama anacheza, akaagiza viatu vyake, akaja navyo."

Mjomba alishinda mara nyingi zaidi. Mabawabu wake hawakusukumika. Wa mkwe wangu walikuwa na gramu nne, wa mjomba gramu nne, viatu aina moja, na bado wakigongana, wa kwake mkwe wangu ndio walionyanyuka meno ya mbele na kurudi kinyumenyume. Alikuwa akiwachunguza wa mjomba kwa macho wakati wa kupima, mpaka mboni zikatoka. Kuuliza, hakuuliza.

Kisha mjomba akaja kliniki. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki, na nilipomwona kwenye kiti cha mgonjwa nilifurahi, nikamwambia mama angejua angeleta salamu. Alitaka kung'olewa meno mawili mabovu na kusafishwa kinywa. Daktari akauliza mbona kwa haraka. Mjomba akamweleza kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kwamba hospitali wamemtaka amalize habari za meno kabla hawajaanza kumpa dawa za saratani. Ya utumbo. Niliitua trei ya vyombo mezani.

Daktari alipotoka, mjomba alinishika kiwiko.

"Mwanangu, haya ni ya hapa hapa."

"Ya hapa hapa, mjomba. Ndiyo kazi yetu."

"Khasa dada yangu. Asijue. Presha yake haiwezi. Nikipona nitamwambia."

Nilimwahidi. Ningefanya nini? Ni siri ya mgonjwa, na mgonjwa ni mkubwa wangu. Lakini tangu siku hiyo Ijumaa zikawa mateso. Nilikuwa namimina kahawa nikiangalia shingo yake inavyopungua ndani ya kanzu. Alikuwa akisema amefunga sunna, ndiyo maana amekonda. Na wachezaji wake wakaanza kuharibika. Wakimbiaji walipinda. Mabawabu waliyumba. Mkwe wangu alishinda Ijumaa moja, akashinda ya pili, na badala ya kufurahi uso wake ukazidi kukaza. Nilimsikia jikoni akiziongelesha sahani: "Anifanya mtoto. Aniachia."

Ijumaa ya tatu ilipofika aliwapima wachezaji wa mjomba kama kawaida. Wa kwanza, gramu tatu na kitu. Wa pili vilevile. Aliwapima mabawabu wote, mmoja mmoja, akiwapanga pembeni, na hakuna hata mmoja aliyefika nne. Kiatu kimoja kilikuwa kimedondosha risasi yake, kimebaki na gundi tupu.

"Hii nini?" aliuliza.

"Wameshuka kidogo," mjomba alisema.

"Wameshuka. Mtu hashuki mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotutisha. "Nshakuwa mzee wa kuonewa huruma? Waja nyumbani kwangu, wanywa kahawa yangu, kisha wanipa mchezo kama mtu anompa maskini?"

"Sivyo."

"Bas ni vipi? Sema."

Mume wangu alianza, "Mama, ni mchezo tu—" na mama akamnyamazisha kwa kiganja. Mjomba alinitazama mimi. Macho yale nayakumbuka mpaka leo. Yalikuwa yananiomba. Nikainamia birika.

"Nimezembea," alisema. "Nisamehe."

"Sikusamehe. Chukua watu wako."

Alianza kuwakusanya. Hapo ndipo nilipoona. Vidole vilikuwa haviwakamati. Alimgusa mchezaji, akafunga vidole, akainua mkono, na mchezaji amebaki mezani. Akarudia. Mkwe wangu alikuwa ameshageukia dirishani kwa hasira, hakuona. Mjomba alipotoka sanduku lilikuwa halijafungika vizuri.

Kesho yake nilimpigia simu nikamwomba amwambie mwenyewe. Alikataa. Alisema dawa zimemtia ganzi vidoleni, lakini zitakwisha na vidole vitarudi, na dada yake ana haki ya kumkasirikia, bora amkasirikie kuliko amlilie. Nikakata simu. Ile siri haikuwa yangu kuitoa. Lakini kumwacha mama yule akiamini amedharauliwa na ndugu yake, na huenda huyu ndugu asirudi tena Ijumaa nyingine, hilo nalo sikuliweza. Ikapita Ijumaa bila mjomba. Mkwe wangu alimimina kahawa vikombe viwili, akakaa mbele ya bati lililozimwa mpaka adhana.

Nilimfuata pale pale.

"Mama, sina la kukwambia, na usiniulize. Ila mjomba hakukuachia. Nenda Azaiba. Mwangalie vidole."

Aliniangalia. Nilidhani ataniuliza, na kama angeuliza sijui ningefanya nini. Akasimama, akachukua baibui lake.

"Lete gari."

Hakuwahi kuingia nyumba ya kaka yake ila kwa msiba wa mkewe. Mjomba alifungua mlango mwenyewe, kofia imemlegea kichwani, na alipotuona akajaribu tabasamu.

"Karibuni, karibuni. Hamkusema mnakuja."

"Nipe mikono," mkwe wangu alisema.

"Salamu kwanza, dada."

"Nipe mikono."

Akampa. Mkwe wangu alimketisha kwenye kochi, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaikandamiza ncha kwenye kidole cha shahada cha kaka yake. Mjomba hakushtuka.

"Wasikia?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Hapo kidogo."

Alivipitia vyote. Kwenye kimoja kilitoka kitone cha damu na mwenyewe hakujua mpaka alipokiona.

"Toka lini?"

"Toka dawa."

"Dawa gani?" Mjomba akanitupia jicho. "Usimtazame huyo, huyo hakusema kitu. Nakuuliza weye."

Akamwambia. Alisema neno lenyewe, saratani, na mkwe wangu akaketi sakafuni, pale alipokuwa, na baibui lake limemzunguka. Nilikimbilia maji. Niliporudi alikuwa bado sakafuni lakini uso umenyooka.

"Ulinificha mama," alisema. "Sasa wataka kunificha na weye."

Ndivyo nilivyolijua lile lililokuwa limekaa baina yao tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Mkwe wangu akiwa Marekani alikuwa akizungumza kwenye kaseti, pande zote mbili, habari za theluji, za jirani yake, za tumbo lake linavyokua, na kuzituma Maskati kwa kaka yake azifikishe kwa mama yao aliyebaki Unguja. Mama yao akaugua, kaka akaenda Unguja. Alipofariki, akamzika. Hakumwandikia dada yake. Na kaseti zikaendelea kuja.

"Ulikuwa na mimba, uko ugenini," mjomba alisema. "Ningekwambia vipi? Sikutaka ulie peke yako kule."

"Kilio kilikuwa changu. Nani alokupa ruhusa ukichukue?"

"Nilikusudia ukishajifungua nikwambie. Kisha kaseti zikaja, nikaona haya. Kila ikija moja, haya ikazidi."

"Miezi na miezi namsimulia maiti hadithi. Nashuka uwanja wa ndege na mtoto mkononi, nakwambia twende posta nimpigie mama simu. Wakumbuka ulivyonitazama?"

"Nakumbuka."

"Mie hilo ndo jibu nlolipata. Uso wako."

Mjomba alifunika macho kwa ile mikono isiyosikia. Nilitaka kutoka, sikuthubutu kusogea. Mkwe wangu hakumwambia amemsamehe, na mpaka leo sijamsikia akilisema. Aliinuka kwa kushika meza, akavuta pumzi.

"Lete sanduku lako."

Nikalileta mimi. Akawapanga mabawabu wa mjomba juu ya meza, akaomba koleo. Mjomba alieleza, yeye akatenda. Jino la pili kushoto, lilaze. Hilo liache. Walipofika kwenye risasi, mkwe wangu akakata kipande, akakipeleka katikati ya kiatu, mahali alipoweka yeye siku zote.

"Si hapo," mjomba akasema. "Mbele. Chini ya vidole vya miguu."

"Mbele?"

"Akisukumwa kifuani, mbele ndiko kunakonyanyuka. Uzito ukiwa mbele, hanyanyuki."

Mkwe wangu alibaki na kipande cha risasi kwenye ncha ya kibano. Nilimwona akizirudia Ijumaa zote kichwani mwake.

"Shetani weye," alisema polepole, akakibandika mbele. "Ijumaa usije. Ntakuja mie."

Akawa anakwenda. Mjomba alipelekwa India kwa matibabu, akarudi bila nyusi, kanzu inamning'inia. Madaktari walisema kuna kilichopungua na kuna kilichobaki, kwamba lazima kungojea. Mkwe wangu aliyataka yote aambiwe yeye, kwa neno lenyewe, bila kufunikwa. Mume wangu alipojaribu kuyalainisha alimwambia anyamaze, kisha akanigeukia mimi. "Biarusi, sema weye." Nami nikamwambia kilichosemwa. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anayepokea mizigo na kuihesabu.

Juzi juzi nilikwenda Azaiba baada ya magharibi kumchukua. Nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia makelele. Nilipanda mbio nikidhani mjomba ameanguka. Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wamesimama pande mbili za meza, wanapigana maneno kama watu wa sokoni.

"Zimezidi! Tazama mizani, mwizi weye!"

"Mizani yako imeharibika toka enzi!"

"Toka utoto mwizi! Nani alokula visheti vya Idi akamsingizia paka?"

"Vilikuwa vyangu vile!"

"Vyako? Mama alinipa mie, mkononi!"

Sikuwahi kumwona mkwe wangu na nywele nje ya mtandio, wala mjomba na mate kwenye ndevu. Nilijibanza mlangoni, sikuingia. Mota ilikuwa ikilia peke yake, wachezaji wote wamejazana kwenye pembe moja ya bati wakisukuma ukuta, na hakuna aliyewatazama. Kisha, sijui kwa sababu lile neno mama lilikuwa limetamkwa, mkwe wangu akaketi. Alipouliza, sauti ilikuwa ya chini kabisa.

"Siku ya maziko, nani alomkosha mama?"

Mjomba naye akaketi, akazima mota.

"Jirani zake wawili. Na yule mkunga wake wa zamani."

"Walimkosha vizuri?"

"Vizuri. Sanda nilinunua mwenyewe. Mvua ilinyesha, kaburi likabidi walifunike kwa majamvi mpaka tulipofika."

"Alinitaja?"

Mjomba alivisugua vidole vyake.

"Alikutaja asubuhi, kabla hajakata roho. Alisema huko aliko mtoto kuna baridi, mwambieni ajifunike."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Mjomba hakumwambia anyamaze, wala hakusogea kumzuia. Alikaa naye. Niliegemea ukuta wa ngazi na funguo za gari zikinichoma kiganjani, na sikumbuki ilichukua muda gani.

Alipoinua uso aliniona.

"Biarusi," alisema, akajifuta kwa pindo la kanga. "Weye nenda. Mwambie mwanangu mie leo nalala hapa."

Mjomba alikuwa ameshanyanyuka, anafungua kabati kwa viwiko, anamtafutia shuka.